Sura ya Nane: Bandeji Mbichi

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumanne, Inspekta Sikudhani alikuwa ameshalizunguka lile gari mara nne, na alikuwa hajakaa tangu aingie yadi ya polisi.

Lilikuwa Mark II nyeupe, au tuseme masalia yake. Jumamosi lilishiriki mbio za mstari mnyoofu, zile ambazo vijana huziita dragi, kwenye kipande cha lami huko Visiga kilichojengwa kwa ajili ya viwanda ambavyo bado havijajengwa. Mbio ya tatu, ya mwisho, lilivuka mstari likiwa mbele, kisha halikusimama. Lilipita magunia ya mchanga, likagonga ukingo wa kalavati. Dereva wake, Mudathir, kijana wa miaka ishirini na saba, alikuwa chumba cha mahututi jijini na hajafumbua macho. Fundi wake, Twalibu, alikuwa mahabusu.

Simu iliita. Mkuu wa Upelelezi.

"Jalada liwe mezani kwangu saa tisa alasiri. Wakili wa serikali analisubiri. Fundi anapanda kizimbani kesho."

"Afande, naomba siku moja zaidi."

"Ya nini? Mkaguzi wa magari kaandika mchomeleo wa bomba la tatu umepasuka. Nani alichomelea?"

"Twalibu."

"Haya. Saa tisa."

Sikudhani alirudisha simu mfukoni, akaisoma tena ripoti ya mkaguzi akiwa amesimama. Ilikuwa ripoti safi. Mchomeleo wa bomba la tatu umepasuka. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: lini.

Akavaa glovu, akaingiza kichwa chini ya boneti iliyokunjamana. Kulikuwa na mabomba sita yaliyotoka ubavuni mwa injini, yakapinda, yakakutana mahali pamoja kama vidole vilivyoshika kikombe. Juu ya mahali hapo lilikaa turbo, pampu ya kuisukumia injini hewa. Alimulika ule ufa wa bomba la tatu, akachukua kipande cha karatasi laini, akakisukuma ndani ya ufa na kukitoa.

Kilikuwa cheupe.

Akasimama wima. Moshi wa injini huacha masizi popote unapopita. Ufa ulikuwa unang'aa kama sarafu mpya. Moshi haukuwahi kupita hapo.

Alihamia nyuma kabisa, kwenye bomba la sita, upande wa dereva. Karatasi ya pili ilitoka nyeusi tii. Hapo, mahali bomba linapokutana na injini, bolti mbili zilikuwa zimesimama bila nati. Alipapasa meno ya bolti kwa ncha ya kidole. Yalikuwa mazima. Nati iliyong'olewa na ajali huondoka na meno. Hizi zilifunguliwa kwa spana, taratibu.

Na mkabala na hizo bolti mbili, umbali wa kiganja, kulikuwa na bomba jembamba lililoungua na kikopo cha plastiki kilichoyeyuka. Kikopo cha mafuta ya breki.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa. Mabomba yalikuwa yamezungushiwa utepe wa rangi ya kahawia, na kwenye bomba la sita utepe huo ulifungwa kwa waya mwembamba wa kufungia nondo. Waya ulikatizana kwenda na kurudi, na kila baada ya mkato wa tatu ulirudishwa chini yake wenyewe na kukazwa. Sikudhani aliupiga picha mara sita, ingawa moja ingetosha.

*

Twalibu alikuwa mwembamba, umri wa miaka hamsini hivi, mikono imejaa makovu madogo ya cheche.

"Shikamoo, fundi. Umekula?"

"Marahaba, afande. Nimekula maneno tangu Jumamosi. Nimeshiba." Alimtazama. "Wewe hukai?"

"Nitakaa. Nieleze ulichofanya kwenye lile gari. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Twalibu alinyoosha vidole juu ya meza. Alipoanza kuzungumzia kazi, sauti yake ilipanda kidogo.

"Lilikuwa na manifodi yake ya kiwandani, ile ya kukusanya moshi wa injini. Chuma cha kumwaga kwenye kalibu, nzito, njia zake fupi na nyembamba. Sasa ule moshi unaotoka kwenye injini ndio unaozungusha turbo. Mudathir akanunua turbo kubwa. Turbo kubwa kwenye njia nyembamba ni kumnywesha ng'ombe kwa kijiko. Nikamtengenezea manifodi mpya. Mabomba sita ya chuma kisichoshika kutu, kila moja urefu sawa na mwenzake, ili moshi usipigane vikumbo ukifika mdomoni. Nikaweka na mguu wa kubeba turbo, uzito usining'inie kwenye mchomeleo. Siku kumi na moja, afande. Sikuchukua kazi nyingine."

"Na ule utepe?"

"Bandeji, sisi tunaiita. Inazuia joto lisitoke. Unailowesha kwenye beseni, ikilainika unaizungusha ikiwa mbichi, ikikauka inabana. Inawasha mikono kama upupu, wiki nzima unajikuna. Ukiwasha gari mara ya kwanza inatoa moshi mweupe mpaka unaona aibu mbele za watu. Mara ya pili kidogo. Mara ya tatu hakuna."

"Uliifunga lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Tukawasha palepale gereji, jirani akaja na ndoo ya maji akidhani tunaungua." Alitabasamu, kisha akakumbuka alipo. "Ile gereji wameshaipiga mawe, nasikia."

"Dirisha moja na kibao. Ulifunga bandeji kwa waya?"

"Waya gani?"

"Wa nondo."

"Afande, unataka kuniharibia na kidogo kilichobaki? Waya wa nondo ukipata moto unalegea kama tambi. Mimi nafunga kwa mikanda ya chuma."

Sikudhani aliweka simu mbele yake. Twalibu aliivuta picha kwa vidole, akaikuza.

"Si mkono wangu huu," alisema mwishowe. "Wala si wa fundi yeyote. Ila aliyefunga hivi amezoea kufunga. Tazama anavyorudisha kila baada ya tatu. Hakuwa anafikiri."

"Nani mwingine anajua kulifungua?"

"Mudathir mwenyewe. Alinisaidia mwanzo mwisho. Kijana akijifunza kitu leo, kesho lazima amweleze mtu."

Sikudhani alishafika mlangoni.

"Afande." Twalibu alikuwa amesimama. "Kunifunga, watanifunga wakitaka. Ila usiandike mchomeleo wangu ulipasuka barabarani. Wanangu wanakula kwa mchomeleo huo."

*

Mashahidi wawili walikuwa wameandikisha kwamba kabla ya mbio walimwona Maulidi ameinamia boneti ya Mudathir. Maulidi ndiye aliyeshindwa ile mbio ya mwisho. Yeye na Mudathir walikuwa hawajasalimiana vizuri mwezi mzima. Kwenye jalada jina lake lilikuwa na mstari mwekundu chini yake.

Sikudhani alimkuta mtaa wa Tangini, kwenye sehemu yake ya kuosha magari, amevaa gambuti, mpira wa maji mkononi.

"Mnanitafuta, afande? Nipo, sijakimbia. Mimi nakimbia penye mstari tu."

"Zima maji. Ulifanya nini kwenye boneti ya Mudathir?"

"Niliipiga ngumi. Moja. Kumtia mchecheto. Ndio utani wetu, yeye mbio ya kwanza alinimwagia soda kwenye kioo. Ngoja." Alifuta mkono kwenye kaptula, akatoa simu. "Mchizi wangu alirekodi. Tazama mwenyewe."

Video ilikuwa ya sekunde arobaini. Mark II kwenye mstari wa kuanzia, mbio ya kwanza. Pini mbili za boneti mahali pake, na juu yake utepe mwekundu wa waamuzi wa kufungia boneti, haujakatwa. Maulidi anatokea, anapiga ngumi, anacheka, anaondoka. Kisha kutoka kwenye kingo za boneti unafuka moshi mweupe, mwingi, mzito.

"Moshi huo?"

"Hapo ndipo nilipomcheka. Nikamwambia, mzee baba, umekuja kushindana au kupika ubwabwa? Maana ule ni mvuke, si oili. Oili inanuka. Yaani bandeji mbichi kabisa, imefungwa siku hiyohiyo."

"Fundi anasema ilifungwa wiki tatu kabla."

Maulidi alinyanyua mabega. "Basi imeloweshwa mara ya pili. Bandeji kavu haifuki vile."

Sikudhani alirudisha video mwanzo, akaiweka simu sikioni. Chini ya ngurumo kulikuwa na mlio mwingine, mwepesi, wa haraka. Tik-tik-tik-tik.

"Na huo?"

Maulidi aliinama. Alianza kuukunja mpira wa maji.

"Ekzosi inavuja," alisema. "Inalia kama cherehani. Nilisikia palepale."

"Ukanyamaza."

"Gari la mpinzani wako linapoteza nguvu, utaenda kumwambia? Nilijua nitamla. Akanipiga hata hivyo, jamaa anajua kuachia klachi kinoma." Mpira ulimponyoka, akauacha chini. "Ningemwambia, afande, saa hizi angekuwa hapa ananitukana."

"Utepe wa waamuzi ulibandikwa lini?"

"Lilipofika tu. Lilikuja juu ya gari la kuvuta, likashushwa, waamuzi wakakagua juu juu, wakabandika. Halikufunguliwa tena mpaka ajali."

"Lilitokea wapi?"

"Msanga, kule Kisarawe, kwa mama yake. Hapa mtaani walishampeleka kwa mtendaji kwa makelele, ndiyo maana analilaza kule. Kila kabla ya mbio anampigia huyo mama. Hata ile ya mwisho alimpigia. Sisi tunamwita mtoto wa mama."

Ilikuwa saa tano kasoro. Sikudhani alikuwa barabarani kabla Maulidi hajafungulia maji.

*

Alikatia Kiluvya, akapita Kisarawe mjini bila kusimama. Baada ya mji, magunia ya mkaa yalianza kujipanga kando ya barabara, marefu, yamejazwa kupita midomo yake na kufungiwa juu kwa kamba. Aliyapita kumi, ishirini. Kisha akakanyaga breki, gari la nyuma likampigia honi ndefu.

Alirudi kwa miguu, simu mkononi, akakagua gunia moja moja. Kamba zilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, basi. Alikagua la pili na la tatu. Kwenye kibanda cha tano kulikuwa na magunia manne yaliyosimama peke yake. Kamba ilikatizana mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha ikarudi chini yake yenyewe.

Alilinganisha na picha. Akalinganisha tena.

"Unachukua ngapi, dada?" muuzaji aliuliza.

"Haya manne kashona nani?"

"Hayo ya Bi Kidawa wa Msanga. Chukua hayo, hutajuta. Mkono wake haumwagi hata chenga."

Jina hilo Sikudhani alikuwa nalo tayari. Lilikuwa ukurasa wa pili wa jalada, penye nafasi ya ndugu wa karibu wa majeruhi.

*

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma. Uani, turubai la bluu lilikuwa limekunjwa, na mahali lilipokuwa limetandazwa ardhi ilikuwa na madoa ya oili. Bi Kidawa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, alikuwa akishona mdomo wa gunia.

"Hodi hapa."

"Karibu. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka hospitali?" Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye gari la polisi, yakarudi. "Amefumbua macho?"

"Bado, mama. Leo wamesema anapumua vizuri zaidi. Mimi natoka Kibaha, naitwa Inspekta Sikudhani."

"Alhamdulillahi kwa hilo. Vuta kigoda."

Sikudhani hakukivuta. Alitazama mikono ya mama. Mmoja, wa pili, wa tatu, chini. Mmoja, wa pili, wa tatu, chini. Kuanzia viganja mpaka viwiko ngozi ilikuwa imevimba na kuchubuka kwa kucha.

"Mikono imefanya nini?"

"Upupu. Huko shambani."

"Upupu unawasha siku moja, mama. Hii ina siku nne."

Mama alijikuna, akaendelea kushona. Sikudhani aliweka simu juu ya gunia, pembeni ya kamba, picha ikitazama juu. Waya na kamba vilikuwa vimekwenda njia moja.

Mikono ikasimama.

"Kuna mtu yuko ndani," Sikudhani alisema. "Fundi Twalibu."

"Yule mwembamba? Alikula hapa. Aliniomba na mboga ya pili." Alijikuna kiwiko. "Yuko ndani kwa nini?"

"Kesho anapelekwa mahakamani. Inasemwa mchomeleo wake ulipasuka, ndiyo maana Mudathir akaumia."

"Ulipasuka?"

"Ulipasuka alipogonga ukingo. Kabla ya hapo ulikuwa mzima. Nimeuangalia leo kwa macho yangu. Lakini mimi ni mmoja, na jalada linaondoka saa tisa."

Kuku alipita katikati yao. Bi Kidawa alimfukuza kwa mguu bila kumtazama.

"Kila kitu alikuwa ananieleza," alisema. "Yeye yuko hapo amelala chini ya gari, mimi nasonga ugali, ananieleza. Mama, hili bomba hivi, mama, hili vile. Mimi mwanzoni nilikuwa naitikia tu. Baadaye nikawa nauliza. Siku moja nikamuuliza, hizi nati zikitoka hapa inakuwaje? Akasema, moshi unatokea pembeni, turbo halijai, gari linakuwa kama punda mgonjwa. Nikamuuliza, linaungua? Akasema, halina madhara, mama. Ni aibu tu."

"Aibu tu."

"Na aliniahidi. Msimu huu akishindwa, gari analiuza, anarudi kwenye kazi yake ya umeme. Ameniapia, hapo ulipo wewe. Baba yake amekufa na lori, mwanangu. Nilikwenda kumtambua kwa viatu." Alifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nikasema, aibu haijaua mtu."

"Ulifungua lini?"

"Jumamosi, nimeshaswali alfajiri. Yeye amelala. Ile mikanda ya chuma niliikata kwa koleo. Bandeji ilikuwa ngumu, haitaki kurudi, nikailowesha kwenye beseni kama nilivyomwona yeye. Mikanda mingine sikuwa nayo. Nikachukua waya."

"Kwa nini nati za nyuma?"

"Za mbele angeziona. Na huko nyuma mkono wake mnene haupiti. Wangu unapita."

Sikudhani alikuwa akiandika. Aliacha.

"Mama, hizo za nyuma ziko mkabala na bomba la breki. Ule moshi ukitoka hapo unapiga bombani. Mafuta ya breki yalichemka, breki zikakosa nguvu."

Bi Kidawa alimtazama kama aliyesemeshwa lugha ya mbali.

"Breki si ziko kwenye magurudumu?"

Sikudhani aliifunga kalamu.

"Hilo hakunieleza," mama alisema. "La breki hakuwahi kunieleza."

Simu ya Sikudhani ilitikisika juu ya gunia. Mkuu wa Upelelezi. Aliiacha iite mpaka ikanyamaza.

"Kabla ya mbio ya mwisho alikupigia," alisema.

"Alinipigia. Anacheka. Mama, gari leo halivuti, lakini nimewapiga wawili nalo hivyohivyo, dua zako hizo." Sasa alikuwa akizungumza na kamba iliyo mkononi mwake. "Ningesema pale. Neno moja tu, ningesema. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, ya tatu atashindwa, jioni nitamrudishia."

"Utamrudishia nini?"

Bi Kidawa alishika pindo la kanga yake. Lilikuwa na fundo dogo, gumu, lililokazwa kwa siku nne. Vidole vyake vilivyojua kufunga magunia vilishindwa kulifungua, akalipeleka mdomoni, akalilegeza kwa meno. Nati mbili zikaanguka kwenye kiganja cha Sikudhani. Zilikuwa na joto la mwili.

Sikudhani alivuta kigoda, akakaa.

Alizitia nati kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika saa, mahali na jina. Mkono wake ulikwenda polepole kuliko kawaida. Kisha akapiga simu.

"Sikudhani! Jalada liko wapi?"

"Afande, fundi asipandishwe kesho. Mchomeleo wake haukuvuja. Nina nati zilizofunguliwa, na ninakuja na aliyezifungua. Anakuja kwa hiari yake."

Mkuu akadakia: "Maulidi?"

"Hapana, afande."

"Nani?"

"Nitakuambia nikifika."

Bi Kidawa alikuwa ameshasimama. Alikuwa amevaa ndala, amejitanda ushungi, lakini mkono mmoja bado ulishika gunia.

"Fundi atatoka leo?"

"Leo hii."

"Basi niache nimalizie huu mdomo. Likibaki wazi litamwaga."

Alimalizia. Mmoja, wa pili, wa tatu, chini. Akafunga fundo la mwisho, akafunga mlango wa nyumba, akaingia garini upande wa mbele kwa sababu Sikudhani alimfungulia upande huo.

Walisafiri bila kusema mpaka wakaukaribia mji wa Kisarawe. Saa ya garini ilionyesha saba na dakika ishirini.

"Hospitali iko njiani, mwanangu?"

Haikuwa njiani. Njia ya Kiluvya na Kibaha ilikuwa kushoto. Sikudhani alipunguza mwendo, akawasha indiketa ya kulia, akashika barabara ya Pugu kuelekea jijini.